SOMO: HESABU YA STIMA NA JOTO KABLA YA KUWEKA MAYAI KWENYE SANDUKU



Wengi wenu mmekuwa mkituuliza habari za ile mashine yetu ya kuangulia mayai. Kuna waliosikia kwamba ilituharibia mayai yote, na wengine wakasikia kwamba imetuletea vifaranga mpaka tukakosa pa kuwaweka. Habari zote mbili zina ukweli, kila moja kwa wakati wake. Katika somo hili tutaeleza kilichotokea katikati, maana hapo katikati hatukununua mashine mpya. Tulikaa tu na kalamu, karatasi na kipimajoto.

Mnamo Julai 2023 tuliweka mayai 60 ya kuku wa kienyeji ndani ya sanduku la plaiwudi. Sanduku lilikuwa na urefu wa sentimita 60, upana 50 na kimo 40. Ndani tulibandika lile povu jeupe linalokuja kwenye katoni za televisheni. Tuliweka balbu moja ya wati 60, feni ndogo ya kompyuta, sufuria ya maji kwa ajili ya unyevu, na themostati tuliyonunua Luthuli Avenue mjini. Pesa ya mayai ilitoka kwa mchango wa akina mama wa wiki sita. Mama mmoja alileta mayai 20 kutoka kwa kuku wake mwenyewe.

Kwa nini balbu ya wati 60? Kwa sababu kuna mtu alisoma mahali kwamba "balbu moja ya 60 inatosha". Tukaijaribu mchana, kipimajoto kikasimama sawasawa kwenye digrii 37.5, na sote tukapiga makofi.

Siku ya 21 ilipofika walitoka vifaranga 9. Tulingoja siku mbili zaidi, kisha tukayapasua yale mengine. Wengi walikuwa wamekwisha kuota manyoya, wamekufa ndani ya ganda. Yule mama wa mayai 20 hakusema neno. Alichukua ndoo yake akaenda nyumbani, na siku hiyo chai ilipoa bila kunywewa.

Wengine walisema ni mayai mabaya. Wengine wakasema ni feni. Kijana mmoja wa kikundi, ambaye alikuwa amesoma somo la fizikia mpaka kidato cha nne, ndiye aliyeuliza swali ambalo lingefaa kuulizwa mwezi mmoja kabla: "Lile sanduku linahitaji wati ngapi usiku?" Hakuna aliyejua. Basi tukaanza hapo.

WATI NI NINI

Tuanze polepole, na wale wanaojua watuvumilie.

Stima inayopita kwenye waya ina mambo mawili. Kuna msukumo wake, ambao tunaupima kwa volti. Hapa Kenya msukumo wa nyumbani ni volti 240. Kisha kuna mkondo, yaani wingi wa stima inayopita, na huo tunaupima kwa ampea. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, ambayo ndiyo nguvu inayotumika.

Kwa hiyo balbu ya wati 60 inachukua 60 kugawanya kwa 240, yaani robo ampea. Pasi ya wati 1000 inachukua ampea 4 na kidogo. Kuna kitu cha tatu, ukinzani, yaani jinsi waya unavyoizuia stima isipite. Kipimo chake ni omu, nasi tunaupata kwa kugawanya volti kwa ampea. Waya wa ile pasi una omu 57.6. (Mkichukua mita mkapima balbu ya zamani ikiwa baridi, hamtapata omu 960 kama hesabu inavyosema. Mtapata kitu kama 70 hivi. Mita haijaharibika. Uzi wa balbu ukiwaka moto mwekundu ukinzani wake hupanda mara nyingi sana. Tulibishana juu ya jambo hili Jumapili nzima.)

Sasa wati ina uhusiano gani na joto? Wati moja ni juli moja ya nishati kila sekunde. Na ili kupandisha joto la lita moja ya maji kwa digrii moja, unahitaji juli 4200. Hiyo ndiyo daraja kati ya stima na joto, na mnaweza kuijaribu jikoni leo.

Sisi tulichukua lita moja ya maji yenye digrii 20 na hita ya kutumbukiza ya wati 1000. Hapa Riruta tuko juu, kama mita 1800 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji hayachemki kwenye 100 kama vitabu vinavyosema. Yanachemka karibu na 94. Basi ni digrii 74 za kupanda. Zidisha 74 kwa 4200, unapata juli 310,800. Kwa wati 1000, yaani juli 1000 kila sekunde, hiyo ni sekunde 311: dakika tano na sekunde chache. Sisi tulitumia saa ya mkononi tukapata dakika tano na sekunde 40. Zile sekunde za ziada ni joto lililotorokea kwenye sufuria na hewani. Wengi wetu siku hiyo ndipo tulipoamini kwamba hesabu ya ubaoni na sufuria ya jikoni ni kitu kimoja. Tahadhari: hita ya namna hiyo izimwe ukutani kabla mtu hajatia kidole majini au kuitoa.

Mtu aliyeipima habari hii kwa makini alikuwa James Joule, ambaye jina lake ndilo hiyo juli. Hakuwa profesa. Alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford, Uingereza, na majaribio yake mengi aliyafanyia nyumbani. Mwaka 1840, akiwa bado hajafikisha miaka 22, aligundua kwamba joto linalotoka kwenye waya hufuata mraba wa mkondo. Maana yake ni kwamba ukiongeza ampea mara mbili, joto haliongezeki mara mbili, linaongezeka mara nne. Wasomaji wetu watatusamehe kwa habari ya bia, lakini jambo hili la mraba tutalirudia, kwa sababu ndilo linalochoma nyumba.

SANDUKU LINAVUJA JOTO KIASI GANI

Sanduku lenye joto ni kama ndoo iliyotoboka. Ukitaka maji yabaki kwenye alama, lazima umwage ndani kiasi kilekile kinachovuja. Na kadiri maji yanavyosimama juu zaidi, ndivyo yanavyovuja kwa nguvu zaidi. Joto nalo ni hivyo: sanduku likizidi nje kwa digrii 10 linavuja kiasi fulani, likizidi kwa 20 linavuja mara mbili yake.

Vitabu vina njia ya kuhesabu mvujo huu kwa kujua unene wa kuta na aina ya kila kitu. Sisi tunaona kikundi hakihitaji hayo, maana masanduku yetu yana nyufa ambazo hakuna kitabu kinachozijua. Kuna njia rahisi zaidi, na ndiyo kiini cha somo hili.

Chukueni balbu ambayo mnajua wati zake. Iwasheni ndani ya sanduku bila themostati, feni ikizunguka, sufuria ya maji ikiwa ndani, mlango umefungwa, na mayai bado hayajawekwa. Subirini saa nne au tano, mpaka kipimajoto kikatae kupanda. Someni joto la ndani na joto la nje. Toeni. Kisha gawanyeni wati kwa hizo digrii. Jibu ni wati kwa kila digrii, na hiyo ndiyo tabia ya sanduku lenu, kama vile mtu na kimo chake.

Sufuria ya maji msiisahau. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Sufuria inayopoteza robo lita kwa siku inakula kama wati 7 hivi, mchana na usiku, na kama haikuwapo wakati wa kupima hesabu itawadanganya.

Tulipolipima sanduku letu lile lile lililoua vifaranga, kwa balbu ya wati 40, ndani ilifika 36 na nje ilikuwa 20. Tofauti ni 16. Arobaini kugawanya kwa 16 ni 2.5. Basi sanduku letu lilikuwa linataka wati 2.5 kwa kila digrii.

Haya, sasa twendeni kwenye usiku wa Julai. Mtu wa Mombasa hawezi kujua baridi yetu ya Julai, lakini watu wa Kikuyu na Limuru wanaijua, na kwao ni zaidi. Chumba tulichoweka mashine ni cha mabati, na karibu na alfajiri kipimajoto cha nje kilisoma 12. Mayai yanataka 37.5. Tofauti ni digrii 25.5. Zidisha kwa 2.5, unapata karibu wati 64.

Sisi tulikuwa na 60.

Kwa hiyo hata kama kila kitu kingekwenda sawa, themostati ingewasha balbu tangu usiku wa manane isiizime tena, na bado joto lingeshuka mpaka 36. Pengine vifaranga wangevumilia hilo. Lakini kulikuwa na jambo la pili ambalo hakuna aliyeliwaza.

VOLTI ZA ALFAJIRI

Ploti tulipokuwa ina vyumba vingi vinavyokula stima kwenye laini moja. Mchana tulipima soketi tukapata volti 238. Kijana wetu alijitolea kulala pale siku tatu akipima kila saa. Saa kumi na moja alfajiri watu wa kwenda kazini wanaamka, na kila mlango unatumbukiza hita kwenye ndoo ya maji ya kuoga. Volti zikashuka mpaka 200, zikakaa hapo hadi karibu saa moja asubuhi. Yaani saa zilezile ambazo nje kuna baridi kuliko zote.

Mtu atasema, kutoka 240 hadi 200 ni kidogo tu, tumepoteza sehemu moja katika sita. Hapa ndipo ule mraba unapoingia. Msukumo ukipungua, na mkondo nao unapungua, vyote viwili kwa pamoja. Kwa hiyo nguvu inafuata mraba wa volti. Chukua 200 gawanya kwa 240, unapata 0.833. Zidisha kwa yenyewe, unapata 0.69. Kwa hita ya koili hiyo ina maana kwamba karibu theluthi nzima ya joto imepotea. Balbu haianguki vibaya hivyo, kwa sababu uzi wake ukipoa kidogo ukinzani nao unashuka; ile ya 60 ilibaki kama 45 hivi.

Wati 45 kugawanya kwa 2.5 ni digrii 18. Ongeza 12 za nje, unapata 30. Vifaranga wetu walikuwa wakisukumwa hadi karibu digrii 30 kila alfajiri, halafu sisi tunafika saa tatu, jua limepanda, tunafungua kidirisha tunasoma 37.5 na kuandika kwenye daftari "sawa". Daftari lile tunalo mpaka leo. Limejaa "sawa" tupu.

Kuku akiondoka kwenye kiota kwenda kula kwa dakika 20 mayai hayaharibiki. Kinachoua ni saa nyingi za baridi zinazorudiwa kila siku, na vibaya zaidi ni joto kupita kiasi: likizidi 40 kwa muda, hata si mrefu sana, hasara ni kubwa. Kwa hiyo dawa haikuwa kuweka balbu kubwa mno na kuiachia themostati kila kitu. Themostati ikikwama imewaka, balbu ya 200 ingewapika.

TULIVYOREKEBISHA

Kwanza tulifukuza mvujo, maana wati usiyoihitaji ni rahisi kuliko wati unayoinunua. Kifuniko hakikuwa na povu hata kidogo. Fundi alisema hakuna haja. Tulikivalisha povu la sentimita mbili na nusu, tukaziba pembe kwa gamu na vipande vya blanketi, tukabakiza matundu ya hewa manne tu, madogo, kwa sababu vifaranga ndani ya mayai wanapumua. Tukapima tena kwa balbu ileile ya 40. Nje 20, ndani 40. Tofauti 20, kwa hiyo wati 2 kwa kila digrii. (Kwa kulinganisha tuliazima sanduku la jirani la plaiwudi tupu, lenye ukubwa uleule. Balbu ya 40 ililipandisha digrii 6 tu. Hiyo ni karibu wati 7 kwa kila digrii, na usiku wa Julai lingetaka wati 170.)

Sasa mahitaji ya usiku mbaya ni 25.5 mara 2, yaani wati 51. Lakini tunataka wati 51 hizo zipatikane hata volti zikiwa 200. Basi tunagawanya 51 kwa 0.69, tunapata karibu 74. Tukachagua balbu mbili za 40, jumla 80, kila moja kwenye holda yake. Faida ya mbili ni kwamba moja ikiungua usiku, ile nyingine bado inashikilia digrii 20 juu ya nje. Si nzuri, lakini si kifo.

Na themostati ikikwama? Wati 80 kugawanya kwa 2 ni digrii 40. Usiku hiyo ni 52 ndani, mchana ni zaidi. Hilo lingeua. Kwa hiyo tuliongeza themostati ya pili, ya kawaida isiyo ya elektroniki, iliyowekwa kukata kwenye 39. Kuna waliosema ni gharama ya bure. Sisi tunasema nunueni.

Jambo moja kuhusu balbu, maana lilitupata. Balbu moja ilipoungua, kijana alitumwa dukani akaleta nyingine iliyoandikwa 60 kubwa kwenye boksi. Ilikuwa ya LED. Chini kwa herufi ndogo ilisema wati 7. Ile 60 ni mwangaza wake tu, kwamba inang'aa kama ya zamani ya 60. Ndani ya sanduku lililofungwa wati zote zinazoingia huishia kuwa joto, hata mwanga wenyewe, lakini haziwezi kutoa zaidi ya zilizoingia. Wati 7 ni wati 7. Bahati nzuri siku hizo tulikuwa tumejifunza kusoma kipimajoto usiku. Mkikosa balbu za zamani, tumieni koili ya wati mnazozijua, lakini ifungwe na fundi wa stima.

Kingine ni moto. Ganda la balbu ya zamani linapata joto la kupita digrii 100, na lile povu jeupe linaanza kulainika kabla ya hapo, kisha linawaka na kutoa moshi mbaya. Sisi tulikata kopo la mafuta ya kupikia tukalizungushia balbu, tukaacha sentimita kumi kati ya kopo na povu. Kopo ni chuma na karibu kuna maji, kwa hiyo liliunganishwa na waya wa athi. Fyuzi ya plagi tuliyoikuta ilikuwa ya ampea 13. Mashine yetu inachukua theluthi moja ya ampea. Fyuzi ya 13 ingeacha waya uungue kabla haijakatika. Tuliweka ya 3. Na kama kuna msomaji ambaye fyuzi yake ni kipande cha msumari, tafadhali aache kusoma kwanza aende akaitoe.

WAYA WENYEWE NI HITA

Tulisema tutarudi kwenye mraba. Kila waya una ukinzani, hata wa shaba. Waya ule mwembamba wa ekstensheni, wa namba 0.75, una karibu omu 0.023 kwa kila mita. Ekstensheni ya mita 20 ina waya wa kwenda na wa kurudi, mita 40, jumla omu 0.92. Ni kidogo sana, sivyo?

Mashine ya mayai ikichomekwa hapo, ampea 0.33 mara yenyewe mara 0.92 ni sehemu moja ya kumi ya wati. Huwezi kuhisi. Lakini mama wa chumba cha pili akachomeka koili ya kupikia ya wati 1000 na pasi ya wati 1000 kwenye ekstensheni hiyohiyo. Sasa ni wati 2000, ampea 8.3. Nane nukta tatu mara 8.3 ni karibu 69, mara 0.92 ni wati 63. Hizo ni wati nyingi kuliko zile zinazolea mayai 60 usiku wa baridi, na zimo ndani ya waya. Waya ukinyooshwa sakafuni, joto hilo linatawanyika hewani, wati tatu kwa kila mita. Lakini ule ulikuwa umekunjwa vizuri kwa sababu ya usafi, na kusukumwa chini ya godoro la mtoto.

Tuliukuta umelainika kama ugali. Mtoto alikuwa shuleni.

Na mkumbuke si kila waya ulioandikwa 0.75 ni 0.75. Kuna unaouzwa ambao ukiuvua unakuta nyuzi chache tu. Ukishika waya wowote ukakuta una joto la kuhisi mkononi, hiyo ni stima unayoilipia na hujaitumia.

TOKENI

Mweka hazina wetu alitaka kujua jambo moja tu: ni pesa ngapi. Hapa msitumie usiku mbaya, tumieni wastani, maana mchana balbu inapumzika. Wastani wa joto la chumba chetu kwa Julai ni kama 17. Tofauti ni 20.5, mara 2 ni wati 41. Zidisha kwa saa 24, unapata 984. Wati elfu moja kwa saa moja ndiyo yuniti moja ya tokeni. Kwa hiyo mashine inakula karibu yuniti moja kwa siku, yuniti 21 hivi kwa mzunguko mmoja wa mayai.

Bei ya yuniti ichukueni kwenye risiti yenu wenyewe: pesa yote mliyolipa, pamoja na kodi, gawanyeni kwa yuniti mlizopata. Tuseme kwa mfano yuniti moja imewatoka shilingi 25. Yuniti 21 ni shilingi 525. Duru yetu ya pili ilikuwa na mayai 60. Tuliyapima kwa mwanga siku ya saba tukatoa 8 yasiyo na kifaranga, na siku ya mwisho walitoka 41. Gawanyeni wenyewe: ni kama shilingi 13 za stima kwa kifaranga mmoja. Wiki ya mwisho balbu ziliwaka kidogo zaidi, kwa maana kidogo kuliko kawaida, kwa sababu kifaranga aliyekaribia kutoka naye hutoa joto lake, kama sehemu ya kumi ya wati. Kidogo, lakini walikuwa hamsini.

STIMA IKIPOTEA

Hili ni swali tunaloulizwa kuliko yote, na jibu liko kwenye zile juli 4200. Chukueni maji ya moto ya digrii 70 kutoka kwenye jiko la makaa, lita tatu, muyatie ndani ya vijerikeni vidogo vilivyofungwa vizuri. Maji hayo yakipoa kutoka 70 hadi 40 yanatoa 30 mara 4200 mara 3, yaani juli 378,000. Sanduku linavuja juli 51 kila sekunde kwa usiku mbaya. Gawanyeni: sekunde 7400, saa mbili na dakika chache. Vifungeni vijerikeni kwa sweta nzee ili joto litoke polepole, viwekwe mbali na mayai, na mtu asikae mbali na kipimajoto. Usiku mmoja wa duru ya pili stima ilipotea kuanzia saa sita hadi saa kumi. Tulibadilisha maji mara mbili. Aliyekesha alikuwa yule mama wa mayai 20, kwa ombi lake mwenyewe, na kwenye daftari hakuandika "sawa". Aliandika namba kila nusu saa: 37.2, 37.6, 37.9, 37.4.

MASWALI YA KUFANYA KATIKA KIKUNDI

1. Koili ya kupikia ni ya wati 1000 kwenye volti 240. Soketi yenu jioni ina volti 200. Koili inatoa wati ngapi?

2. Kikundi cha Limuru kimejaribu sanduku lake kwa balbu ya wati 25. Ndani ni 31, nje ni 21. Usiku wao hushuka hadi digrii 10, na volti zao hushuka hadi 210. Waweke hita ya koili ya wati ngapi?

3. Kila mwanakikundi aende nyumbani aangalie ni waya gani umekunjwa, umefunikwa au umepita chini ya kitanda. Aandike vyombo vinavyochomekwa hapo na wati zake, ajumlishe, agawanye kwa 240, kisha azidishe jibu kwa lenyewe. Leteni karatasi hizo kwenye mkutano ujao, tuzisome pamoja.

Majibu: la kwanza ni karibu 694. La pili ni 90, na atakayepata 69 amesahau volti.